Habari Ikitaja Rangi ya Mtu: Namna Ninavyoikagua Kabla Haijaenda Hewani

Kazi yangu ni kuandaa habari za kimataifa katika redio moja ndogo hapa Tanga. Taarifa ya kwanza husomwa saa moja asubuhi, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshakaa mezani nachambua habari za mashirika makubwa: Reuters, AP, AFP. Hatuna mwandishi London wala Minneapolis. Tunategemea macho ya watu wengine, tunayatia Kiswahili, kisha yanatoka kwa sauti yetu, na msikilizaji wa Pongwe au Muheza anajua tu kwamba ni sisi tumesema. Ndiyo maana vijana wa field wakija siwaanzishi na namna ya kukaa mbele ya maikrofoni. Nawaanzisha na hili.

Jambo la kwanza wanalopaswa kulishika ni kwamba habari inayopotosha kuhusu rangi za watu mara nyingi haina uongo ndani yake. Ukiipima kila sentensi peke yake, inasimama. Upotofu unakaa kwenye kuchagua: kitenzi gani kimetumika, picha ipi imewekwa, nani kahojiwa, nani katajwa asili yake na nani kaachwa awe mtu tu. Anayekagua kwa kuwinda uongo hutoka mikono mitupu, akatangaza kwamba habari ni safi.

Itafutie mwenzake

Naanza na mpira kwa sababu huko kila mtu anayajua majina. Desemba 2018, Raheem Sterling, wakati huo winga wa Manchester City, alitukanwa na mashabiki pale Stamford Bridge. Kesho yake aliandika Instagram, na badala ya kukaa kwenye matusi, akaweka vichwa viwili vya habari vya Daily Mail. Vyote vilihusu vijana wa City walionunua nyumba kwa ajili ya mama zao. Kimoja kilimhusu Phil Foden, mweupe: nyota chipukizi amemnunulia mama yake nyumba ya pauni milioni 2. Cha pili kilimhusu Tosin Adarabioyo, mweusi: mchezaji wa miaka 20 anayelipwa pauni 25,000 kwa wiki amemwaga fedha kwenye jumba lililokuwa likiuzwa pauni milioni 2.25, ingawa hajawahi kuanza mechi hata moja ya Ligi Kuu.

Hakuna uongo hapo. Lakini viweke pamoja, kimoja juu ya kingine, ndipo utaona. Kwa Foden mama yupo, mshahara haupo. Kwa Tosin mshahara upo, mama katoweka kwenye kichwa cha habari, na limeingia neno "ingawa", ambalo ndilo lililotoa hukumu yote. Msomaji anaondoka na mtoto mwema mmoja na mbadhirifu mmoja.

Hiyo ndiyo hatua ninayoitumia kuliko zote. Ukipata habari, futa jina, baki na tendo lenyewe: kijana kanunua nyumba, mtu kapigwa risasi na polisi, msanii kakamatwa na dawa za kulevya. Kisha tafuta habari nyingine ya tendo hilohilo, ikiwezekana ya chombo kilekile, ambayo mhusika wake ni wa rangi nyingine. Zisome pamoja kwa kalamu. Weka alama kwenye kila kitu kilichomo huku na hakimo kule: mshahara, umri, kazi, wazazi, rekodi ya makosa ya zamani, maneno ya jirani.

Jozi moja haithibitishi kitu. Huenda waandishi walikuwa wawili tofauti, huenda mhariri alikuwa amechoka. Unahitaji fungu la mifano. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti wa kampuni ya RunRepeat, kwa kushirikiana na PFA, chama cha wanasoka wa kulipwa cha Uingereza. Walisikiliza utangazaji wa Kiingereza wa mechi 80 za ligi za Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa. Watangazaji walipozungumzia nguvu za mwili, wachezaji wenye ngozi nyeusi walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara sita wa kuwa ndio wanaozungumziwa; kwenye kasi, zaidi ya mara tatu. Sifa za akili zilikwenda zaidi kwa weupe. Mengi ya hayo husikika kama sifa. Hayasikiki kama matusi, na bado picha inayojengwa ni ya wenye misuli upande huu na wenye akili upande ule.

Nawapa vijana kazi ya kusikiliza mechi moja ya Ulaya inayotangazwa kwa Kiswahili, waorodheshe nani anaitwa "fundi" na nani anasifiwa "mwili". Huwa wanarudi kimya.

Katrina, na kwa nini usiruke haraka

Mfano huu nautumia siku nzima, kwa sababu una pande ambazo watu huziruka.

Kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Ghuba ya Marekani tarehe 29 Agosti 2005. Kuta za kuzuia maji zikabomoka, New Orleans ikajaa maji. Kesho yake zikapigwa picha mbili zilizokuja kuonekana kwenye kurasa za habari za Yahoo. Ya AP ilionyesha kijana mweusi ndani ya maji ya kifuani akiwa na vitu mkononi. Maelezo ya picha yalisema anapita baada ya kupora duka la vyakula. Ya pili, iliyosambazwa na AFP, ilionyesha watu wawili weupe kwenye maji ya kina kilekile, nao wana vitu. Maelezo yalisema wanapita baada ya kupata mkate na soda kutoka duka la vyakula.

Hapo vijana hupiga meza: ubaguzi! Nami nawaambia subirini, wapigapicha waliulizwa. AP walisema mpigapicha wao alimwona yule kijana akiingia dukani na kutoka na vitu. Mpigapicha wa picha ya pili alisema aliona bidhaa zikielea, na akaamini wale wawili waliziokota majini. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na lake la kueleza, na sina sababu ya kumwita yeyote mwongo.

Lakini tazama kilichomfikia msomaji. Hakufikiwa na maelezo ya wapigapicha. Alifikiwa na mwizi mmoja mweusi na waokotaji wawili wa mkate. Na hata kwenye maelezo yenyewe liko swali ambalo sijapata kujibiwa nikaridhika: mji umezama, hakuna duka linalouza, hakuna keshia; anayechukua chakula dukani ni mporaji au ni mwenye njaa? Wale wawili walipewa dhana njema. Yule mmoja hakupewa. Kinachokaguliwa ni nani anapewa dhana njema, na hilo utalipata hata mahali ambapo kila neno lina ushahidi wake.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi ya maelezo ya picha. Maelfu ya watu, wengi wao weusi, walikuwa wamekimbilia uwanja wa Superdome. Vyombo vya habari vikatangaza mauaji humo ndani, watoto kubakwa, maiti kurundikana. Waliothibitisha mbele ya kamera walikuwa meya Ray Nagin na mkuu wa polisi Eddie Compass, wote weusi. Hili nalisisitiza, kwa sababu kijana akishajua kwamba aliyesema ni mweusi huacha kukagua. Mwishoni mwa Septemba gazeti la mji huohuo, Times-Picayune, lilirudi kuhesabu. Waliokufa ndani ya Superdome walikuwa sita, na hakuna hata mmoja aliyethibitika kuuawa na mtu mwingine.

Kabla ukweli huo haujatoka, uvumi ulikuwa umeshatenda kazi. Tarehe 31 Agosti meya aliamuru polisi wapatao 1,500 waache kuokoa watu wakashughulikie waporaji. Watu walikuwa bado juu ya mapaa.

Mtendaji yuko wapi?

Hatua hii ni fupi na haihitaji intaneti. Chukua karatasi, andika: nani, kafanya nini, kamfanyia nani, kwa kutumia nini. Jaza kutoka kwenye habari. Nafasi ya "nani" ikibaki tupu, simama hapohapo.

Taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis kuhusu George Floyd, aliyefariki tarehe 25 Mei 2020, ilikuwa na kichwa kilichosema mtu amekufa baada ya tatizo la kiafya wakati wa kukutana na polisi. Ndani yake kulikuwa na pingu na gari la wagonjwa. Goti la askari shingoni mwake halikuwamo. Jaza karatasi yako kwa taarifa hiyo na utaona mtu aliyejifia mwenyewe. Kilichojaza nafasi tupu ni video ya Darnella Frazier, msichana wa miaka 17 aliyesimama kando ya barabara na simu yake. Mwaka uliofuata bodi ya tuzo za Pulitzer ilimpa tuzo maalumu, na askari Derek Chauvin alitiwa hatiani kwa mauaji.

Wengine walioandika usiku ule kwa kufuata taarifa ya polisi hawakudanganya, waliamini. Kwa hiyo kwetu kanuni ni kwamba kitu kilichotoka polisi kinasomwa na jina la polisi mbele: "polisi wanasema". Hata kama sentensi inakuwa nzito mdomoni. Na kwenye tukio ambalo polisi wenyewe ni wahusika, tunasema pia kwamba ndugu wa marehemu hawajapatikana, kama hawajapatikana.

"Mwanaume mweusi"

Boston, tarehe 23 Oktoba 1989. Charles Stuart, mweupe, alipiga simu ya dharura akiwa garini, akasema yeye na mkewe mjamzito wamepigwa risasi na mwanaume mweusi. Mkewe Carol alifariki, na mtoto naye akafariki siku 17 baadaye. Sauti ya simu ile ikachezwa nchi nzima. Polisi wakaingia mtaa wa Mission Hill, wakasimamisha na kupekua vijana weusi, na Stuart mwenyewe akaonyesha kidole kwa mwanaume mmoja mweusi katika gwaride la utambulisho. Januari 1990 ndugu yake akasema ukweli kwamba muuaji ni Charles, naye Charles akajirusha darajani. Desemba 2023, meya wa Boston Michelle Wu aliwaomba radhi rasmi wanaume wawili walioharibiwa majina na kesi ile. Ilikuwa imepita miaka 34.

Mwaka 1994, kule South Carolina, Susan Smith alisema mwanaume mweusi kamnyang'anya gari likiwa na watoto wake wawili. Kwa siku tisa taifa lilimtafuta mtu huyo. Watoto walikuwa ndani ya ziwa, na aliyewatosa ni mama yao.

Sisemi kila anayelalamika ni Stuart. Nasema maelezo ya rangi yana chanzo, na chanzo kinaweza kuwa mhalifu mwenyewe. Habari ikikujia na "mwanaume mweusi", "Mwarabu", "mwenye sura ya Kisomali", uliza mambo mawili. Nani kasema? Na je, maelezo hayo yanamtambulisha mtu au yanatambulisha mtaa mzima? Jezi nyekundu, kovu shavuni, gari lenye namba fulani, hayo yanamsaidia msikilizaji kumtambua mtu. "Mweusi, urefu wa wastani" ni jirani yangu, ni shemeji yangu, ni nusu ya daladala ya Mabokweni. Sisi hatuisomi.

Siku hizi jambo hili halisubiri hata simu ya dharura. Tarehe 29 Julai 2024 wasichana watatu wadogo waliuawa kwa kisu mjini Southport, Uingereza. Mtuhumiwa alikuwa na miaka 17, na polisi hawakumtaja jina mwanzoni. Ndani ya saa chache likazagaa jina la kubuni lenye sauti ya Kiarabu, na madai kwamba ni mwomba hifadhi aliyeingia kwa boti. Kesho yake jioni msikiti wa Southport ukashambuliwa, na siku zilizofuata hoteli za waomba hifadhi. Kijana mwenyewe alikuwa amezaliwa Cardiff, wazazi wake wakitoka Rwanda.

Hapa ndipo palipotokea ubishi chumbani kwetu. Kijana mmoja wa field aliandika kichwa: "Mnyarwanda ashtakiwa." Nikamuuliza, angezaliwa Cardiff kwa wazazi kutoka Denmark ungeandika Mdenmark? Akasema wasikilizaji wetu watapenda kujua, Rwanda ni jirani. Hoja yake haikuwa ya kijinga; ukaribu ni sehemu ya habari. Tulikubaliana asili ya wazazi ikae aya ya nne, pamoja na maelezo kwamba uvumi wa awali ulikuwa wa uongo, na kichwa kiseme kijana wa Uingereza. Fundi mitambo wetu alisema tunawapendelea Wanyarwanda. Sawa.

Picha

Redioni hatuna picha, ila tunazo kurasa za mitandao, na huko ndiko watu wanakotuona siku hizi.

Januari 2020 Vanessa Nakate wa Uganda alikaa mstari mmoja na wanaharakati wanne weupe wa mazingira mjini Davos, akiwamo Greta Thunberg. AP ilitoa picha ambayo Nakate amekatwa, wamebaki wale wanne. Maelezo yao ya kwanza yalikuwa kwamba kulikuwa na jengo nyuma yake lililoharibu mpangilio wa picha. Baadaye wakaomba radhi. Mimi naamini kabisa kwamba mpigapicha alikerwa na jengo. Ndiyo shida yenyewe, kwamba kati ya kuvumilia jengo na kumkata Mwafrika pekee aliyekuwapo, kisu kilijua pa kupita. Kabla ya kukata picha, hesabu vichwa kabla na baada.

Mei 2022 ugonjwa ambao sasa unaitwa mpox uliposambaa Ulaya, vyombo kadhaa viliweka picha za ngozi nyeusi zenye vidonda kwenye habari za wagonjwa wa Ulaya. Chama cha waandishi wa kigeni barani Afrika kikapinga hadharani. Ukitumia picha ya akiba, iwe ya mahali habari ilipotokea, au weka picha ya jengo la hospitali uendelee na kazi.

Bengaluru, halafu nyumbani

Tarehe 31 Januari 2016, mjini Bengaluru, India, gari la mwanafunzi kutoka Sudan lilimgonga mwanamke na kumuua. Takriban nusu saa baadaye alipita mahali hapo mwanafunzi wa Kitanzania wa miaka 21 na wenzake, ndani ya gari jingine. Hawakuwa na uhusiano wowote na ajali. Umati ukawapiga, ukamchania nguo yule binti, ukachoma gari lao. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo la Karnataka alisema halikuwa shambulio la ubaguzi wa rangi, bali hasira zilizotokana na ajali. Vyombo vingine vikalichukua hilo vikaliita ghadhabu ya barabarani.

Jaza karatasi yako. Nani alisababisha ajali? Msudani. Nani alipigwa? Mtanzania. Kitu gani kiliunganisha hao wawili machoni pa umati? Ukishajibu, neno la waziri linabaki kuwa neno la waziri. Usilifute, lisome na jina lake, lakini weka ile nusu saa kwenye sentensi ya kwanza kabisa.

Wasikilizaji wetu waliielewa stori ile mara moja, kwa sababu aliyepigwa alikuwa wetu. Sasa geuza upande. Fungua habari za uhalifu za hapa nchini utafute "mfanyabiashara mwenye asili ya Kiasia". Babu yake alizaliwa Tanga, yeye kazaliwa Tanga, Kiswahili chake kina ladha ya Ngamiani kuliko changu. Msambaa akikwepa kodi anaandikwa "mfanyabiashara". Kwa Kenya chukua Aprili 2014, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch mtaani Eastleigh, Nairobi, wanakoishi Wasomali wengi, ambapo maelfu walikamatwa na wengi kupelekwa uwanja wa Kasarani. Rudi kwenye habari za wiki zile uhesabu ni mara ngapi Mkenya mwenye kitambulisho anaitwa Msomali tu, na ni wangapi kati yao walihojiwa kwa majina yao. Ukiweza kuikagua Daily Mail na huwezi kuyakagua hayo, basi unashabikia tu.

Ukikuta kosa limeshatoka

Lalamika, lakini kwa ustadi. Julai 2015, Obama akijiandaa kuzuru Kenya, CNN iliiita sehemu ile kitovu cha ugaidi. Wakenya walijaa Twitter chini ya alama ya #SomeoneTellCNN, na mwezi uliofuata mkuu mmoja wa CNN, Tony Maddox, akasafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Ilisaidia kwamba walikuwa wengi. Ilisaidia zaidi kwamba walikuwa na sentensi moja ya kunyooshea kidole, si "mnatuonea daima".

Kwa hiyo piga picha ya skrini kabla hawajabadilisha, na saa ionekane. Nakili sentensi yenyewe, moja au mbili, usinakili habari nzima. Kama una jozi, ambatisha ile ya pili. Kisha andika sentensi ambayo ungetaka isomeke badala yake. Wahariri wana haraka, na anayeletewa sentensi iliyo tayari huibadilisha mapema kuliko anayeletewa hotuba. Tuma kwa mhariri kwanza, umpe siku chache. Akinyamaza, Tanzania lipo Baraza la Habari, lililoanzishwa 1995 na linalopokea malalamiko ya wananchi. Kenya lipo Baraza la Vyombo vya Habari. Barua isizidi ukurasa mmoja, na usisahau kutaja tarehe na saa ya matangazo, maana bila hivyo hata sisi wenyewe hatuwezi kuipata rekodi.